Sahani Iliyowekwa Mbele ya Asiyekula

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mlishaji wa viumbe vyote asiyehitaji kulishwa na yeyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nina kisa kifupi. Kijana mmoja aliyesoma katika madrasa yetu anafanya kazi katika duka moja Dar es Salaam. Baada ya sikukuu ya Diwali alipanda treni ya TAZARA akaja Uchindile kuwasalimia wazee wake, akiwa na boksi la ladu, jalebi na barfi alilopewa na tajiri yake, ambaye ni Mhindu. Baba yake alipojua lilikotoka, alilitupa jalalani, akamlaani aliyelitoa, kisha akaja msikitini kutusimulia kwa fahari. Wengi walimpongeza. Wiki chache baadaye, mvua za kwanza zilipokaribia, mzee yule yule alionekana alfajiri chini ya mti wa wahenga, mkononi ana bakuli la unga na kuku mweusi. Simtaji jina, kwani hakuwa peke yake.

Kijana akaniuliza: "Ustadh, kati ya boksi langu na bakuli la baba, kipi kilikuwa shirki?" Swali hili lastahiki jawabu mbele ya jamaa wote.

Kwanza tujue Wahindu wafanyalo, wala tusiwasingizie. Chakula cha ibada hupikwa kwa usafi, wala mpishi hakionji. Huwekwa mbele ya sanamu, huombewa, kisha huhesabiwa kuwa kimepokewa na mungu wao na kurejeshwa kwa waja kikiwa na baraka. Hapo huitwa prasad, neno la Kisanskriti lenye maana ya neema au radhi. Siku inayofuata Diwali, mahekalu mengi huadhimisha Annakut, yaani mlima wa chakula: vyakula vya aina nyingi hupangwa ngazi kwa ngazi mbele ya masanamu, kisha hugawiwa watu. Katika mahekalu ya watu wa Gujarat, ambako ndiko walikotoka wengi wa Wahindu wa nchi zetu, chakula hicho hakina nyama. Ni matunda, nazi, wali, maziwa na vitamutamu.

Basi wapo wasemao: "Aya za Qur'ani zimekataza kilichochinjwa kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na ladu haichinjwi. Tatizo liko wapi?" Nawajibu: someni Surat al-An'am, aya ya 136. Humo washirikina wa Makka wanalaumiwa kwa kumtengea Mwenyezi Mungu fungu na miungu yao fungu, na aya imetaja mazao ya shamba pamoja na wanyama. Kosa lao halikuwa katika damu peke yake. Lilikuwa katika kumpa kiumbe haki ya Muumba. Kwa hiyo kilichowekwa mbele ya sanamu kwa nia hiyo, Muislamu akiache, hata kama ni tende.

Lakini si kila kitamutamu cha Diwali ni prasad. Tajiri anunuaye maboksi dukani na kuwagawia wafanyakazi wake wa kila dini ametoa zawadi. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa juu ya zawadi za Majusi katika sikukuu yao. Akajibu kuwa kilichochinjwa kwa ajili ya siku ile kisiliwe, bali matunda ya miti yao yaliwe. Na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, ambaye hakuna amdhaniaye kuwa mlegevu katika tauhidi, aliitaja athari hii na kuruhusu kupokea zawadi zao za sikukuu. Kwa hiyo kijana alipaswa kuuliza kwa adabu: "Bosi, hiki kimetoka hekaluni au dukani?" Kikiwa cha hekaluni, ashukuru na kueleza kuwa dini yake haimruhusu. Surat al-Mumtahana, aya ya 8, haikutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita, na Surat al-An'am, aya ya 108, imetukataza kuwatukana wanaowaabudu. Laana ya mzee haikuwa na dalili.

Ama sanamu na chakula chake, hoja ya kuvunja jambo hilo ni kongwe. Nabii Ibrahim (A.S.) aliingia penye masanamu ya watu wake akakuta vyakula mbele yao, akayauliza kwa nini hayali. Hayakujibu. Na ajabu ni kwamba swali kama hilo liliwahi kumjia mtoto wa Kihindu huko Gujarat katika karne ya 19. Usiku wa mkesha wa mungu wao Shiva, Dayananda aliwaona panya wakipanda juu ya sanamu na kula sadaka iliyowekwa pale. Akajiuliza: asiyeweza kumfukuza panya atamlinda nani? Alipokuwa mtu mzima aliasisi Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875, kundi linalokataa masanamu, nalo likafika Nairobi mwaka 1903. Hakuwa Muislamu, wala hatumsifu kwa itikadi yake. Lakini fitra ilimsemesha akiwa mtoto.

Sasa nakugeukia wewe, mzee wangu wa Uchindile, wa Mlimba na wa Ifakara. Ule unga uliomwaga chini ya mti, nani ameula? Yule kuku mweusi, mzimu umetafuna paja lipi? Asubuhi umewakuta siafu, kama Dayananda alivyowakuta panya! Na ndugu zetu wa pwani, wanaoandaa chano cha pepo chenye halua, mayai na marashi, au wanaomzungusha ng'ombe mjini siku ya mwaka ili mabalaa yaondoke, wana tofauti gani na mwenye Annakut? Tofauti ni moja tu: yeye hajasema La ilaha illa Llah, nanyi mmeisema.

Mtasema: "Haya ni mila tu, twawaheshimu wahenga." Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (S.A.W.) akauliza kama pale paliwahi kuabudiwa sanamu au kufanyiwa sikukuu ya kijahiliya. Alipoambiwa hapana, ndipo akamruhusu. Ikiwa mahali tu paliulizwa hivyo, mti ule wa wahenga utajibu nini?

Na mkisema: "Mbona nasi twachinja Idi kubwa?" Surat al-Hajj, aya ya 37, imebainisha kuwa nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Nyama ya Idi yaliwa na watu: wenye nyumba, jirani na maskini. Hakuna sinia tunalomwekea Mola wetu.

Mwenye kuwapenda wazee wake waliokufa na awaombee dua, awalipie madeni, atoe sadaka kwa niaba yao. Mwenye kutaka mvua na atoke nasi uwanjani tuswali swala ya kuomba mvua. Na ule unga, mpelekeeni mjane aliye jirani yenu. Yeye ana njaa, naye atakula.

Kijana nilimjibu hivi: boksi lako lilihitaji swali, bakuli la baba yako lahitaji toba. Mwendee kwa upole, kwani Ibrahim (A.S.) alimsemesha baba yake kwa heshima.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu kabla ya sahani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.