Neno la Mhariri: Msukumo wa Kando

Ni ada ya waandishi wa taaluma ya ujenzi, wanapozungumzia nguzo za msingi zilizozamishwa mchangani, kuuliza kwanza zitabeba uzito gani na zitafika kina gani, kana kwamba mizigo yote huteremka wima; nasi, tulipokuwa tukiliandaa toleo hili, tumeona ni faradhi kuigeuza ada hiyo, makala ya msukumo wa kando tukayatanguliza mbele ya yale ya uzito.

Atatokea msomaji aulize mchanga uko wapi Kibera, hapa Nairobi, na swali lake ni la haki, maana ardhi ya upande wa Lang'ata ni udongo mweusi ufurao masika na kupasuka kiangazi, ya Kawangware ni udongo mwekundu, na mchanga wenyewe huletwa kwa malori kutoka Machakos na Kajiado ili uchanganywe na simiti. Lakini na ashuke ukingoni mwa mto Ngong, atazame chini ya nguzo za mkaratusi zilizobeba nyumba za mabati na vivuko vya miguu: aghalabu ataona kifusi, taka na changarawe, vitu visivyoshikana, ambavyo kama mchanga havina nguvu ila ile vinayoipata kwa kubanwa.

Bengt Broms, mhandisi wa Uswidi, alichapisha mwaka 1964 hesabu ya nguzo fupi mchangani ambayo ingali inafunzwa, na ndani yake uwezo wa kuzuia msukumo wa kando hufuata kipeo cha tatu cha urefu uliofukiwa, maadamu msukumo waipiga nguzo mahali pale pale. Maana yake, nguzo iliyofukiwa mita 2, mafuriko yakazoa nusu mita tu ya udongo, hubakiwa na asilimia 42 hivi ya uwezo wake, ilhali machoni pa mpita njia imesimama vile vile, na nyumba haikuongezwa hata bati moja.

Hapo ndipo mzigo wa wima na msukumo wa kando vinapoungana. Imeonekana katika tafiti kwamba uzito wa wastani huweza hata kuisaidia nguzo, kwa kuubana mchanga unaoizunguka. Lakini ikishainama, uzito ule ule huivuta kuelekea inakoangukia, na upepo ulioingia chini ya mabati huja kuing'oa. Fundi wa Kawangware anayeshindilia kokoto kwa mtaimbo hadi mdomoni mwa shimo, hata mtaimbo ukarudisha sauti kavu (na sisi twamheshimu kuliko baadhi ya michoro tuliyoletewa), halijui jina la Broms, ila kazi yake yaafikiana naye, maana kokoto iliyobanwa ndiyo huizuia nguzo isiende kando.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali ya Kenya iliwaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Kipimo hicho ni cha ulalo. Sisi twataka na cha wima. Twawaomba mafundi na wahandisi watuletee, kwa kila nguzo watakayoweza kuifikia, kina kilichofukiwa kabla ya masika na kilichobaki baada yake, pamoja na kimo ambapo upepo huipiga nyumba, nasi tutavichapa katika toleo lijalo.