Siku ya Kwanza Mjini Tokyo

Ugeni hauna cheo. Mtu aweza kuwa mkubwa kwao, akaamrisha na watu wakamtii. Lakini siku aingiapo mji asioujua lugha yake wala njia zake, huwa sawa na mtoto aliyeachwa sokoni. Siku ya kwanza ndiyo ngumu kupita zote, kwa kuwa macho huona mengi, mwili umechoka, na akili ingali huko ilikotoka. Mume na mke walioishi kwa amani miaka 30 huweza kugombana katika saa moja ya siku hiyo. Basi yafaa ndugu wasomaji, hasa wale ambao kazi zao huwapeleka huku na huko, waitazame siku moja ya mume na mke katika mji wa Tokyo, mji mkuu wa Japani, wenye wakazi wapatao 14,000,000.

Mume alikuwa sajini mstaafu. Mke, mwalimu wa shule ya msingi. Walitoka Kampala kwenda kumshuhudia kijana wao akihitimu masomo katika mji wa Sendai, ulio kaskazini ya Tokyo. Walibadili ndege Dubai, wakatua katika uwanja wa Narita jioni moja ya mwezi Machi, baridi ikiwa bado haijaondoka. Narita si Tokyo yenyewe. Uwanja huo uko umbali wa kilomita 60 hivi kutoka katikati ya mji, na mgeni asiyelijua hilo hudhani amefika, kumbe safari bado. Wakapanda treni hadi mtaa wa Ueno, wakapata chumba kidogo katika hoteli ya bei nafuu. Siku iliyofuata ilikuwa yao ya kupumzika na kuutazama mji. Kesho yake wangepanda treni ya mwendo kasi kwenda Sendai, na tikiti walikwisha kuzinunua.

Usiku ule yalitukia mambo mawili madogo. La kwanza, usingizi uliwakataa. Saa za Tokyo ziko mbele ya saa za Kampala kwa saa 6. Wenyeji walipolala saa 5 za usiku, miili ya wageni ilidai kuwa ni saa 11 za jioni. Na walipopaswa kuamka saa 1 asubuhi, kwao ilikuwa saa 7 za usiku. La pili, plagi za simu zao, zenye meno matatu mazito, hazikuingia katika soketi za Japani, ambazo hupokea meno mawili membamba na kutoa umeme wa volti 100 tu. Mke alitaka kushuka mapokezi akaazime kifaa cha kuunganishia.

"Mama watoto, tusisumbue watu usiku," mume akasema. "Kwani zamani tulisafiri na simu?"

Kabla ya mapambazuko simu zote mbili zilikuwa zimezimika.

Asubuhi, walipokuwa wakitoka, mke alichukua mezani mwa mapokezi vikaratasi viwili vyenye jina la hoteli, namba ya simu, na anwani kwa maandishi ya Kijapani. Kimoja alikitia mkobani mwake, cha pili akakisukuma katika mfuko wa shati la mumewe.

"Cha nini hiki?"

"Cha kukaa humo tu, baba. Na tukipotezana, tukutane wapi?"

Sajini akacheka. "Nimetembea porini usiku usio na nyota, seuze mji wenye taa kila hatua?"

Mke hakuongeza neno. Mkobani mwake zilikuwamo pasipoti zote mbili, tikiti za Sendai, na karibu fedha zao zote.

Nusu ya kwanza ya siku ilikwenda vyema. Walinunua kila mmoja kadi yake ya nauli, wakapanda treni za kijani za reli ya Yamanote, ambayo huuzunguka mji kwa duara la kilomita 34.5 lenye stesheni 30. Ndani ya behewa watu walisimama bega kwa bega, wala hapakuwa na aliyepaza sauti. Waliteremka Shinjuku, wakapanda jengo la Serikali ya Jiji, lenye urefu wa mita 243. Katika ghorofa yake ya 45 kuna ukumbi wa kuutazama mji, na mgeni halipi hata senti. Huko juu sajini alitafuta mwisho wa nyumba kwa macho, asiuone.

Waliposhuka walikula ndizi, na mume akatafuta pipa la kutupia maganda. Hakuliona. Mapipa ni haba katika barabara za Tokyo. Mengi yaliondolewa baada ya Machi 20, 1995, siku ambayo wafuasi wa kundi la Aum Shinrikyo walitoa gesi ya sumu iitwayo sarini katika treni za chini ya ardhi, wakaua watu na kuwadhuru maelfu. Tangu hapo mwananchi huibeba taka yake hadi nyumbani. Sajini akayatia maganda katika mfuko wa koti.

Ilipata saa 9 alasiri walipoirudia stesheni ya Shinjuku ili waende Shibuya. Mwalimu alitaka sana kuiona sanamu ya mbwa Hachiko, ambaye kisa chake alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake. Mbwa huyo alikuwa wa Profesa Ueno Hidesaburo, na alizoea kumlaki bwana wake stesheni ya Shibuya. Profesa alifariki kazini mwezi Mei 1925. Mbwa akaendelea kwenda stesheni kumngoja, karibu miaka 10, hadi naye akafa Machi 1935. Sanamu yake ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1934, ikayeyushwa wakati wa vita. Iliyopo sasa ni ya mwaka 1948. Wenyeji hupatana kukutana hapo.

Lakini Shinjuku si stesheni ya kuingia kwa usingizi. Kabla ya mwaka 2020 ilipitiwa na watu zaidi ya 3,000,000 kwa siku, na milango yake yazidi 200. Treni ilifika, umati ukasogea, mke akaingia. Mume alimpisha mzee mmoja, kisha akampisha mama mwenye mtoto. Na alipoinua mguu, milango ilikuwa imefungwa. Waliangaliana kupitia kioo. Mke alionyesha kitu kwa kidole, treni ikaondoka.

Hapo ndipo msomaji aone jinsi watu wawili wenye akili wanavyoweza kupotezana kwa nia njema. Mke aliteremka stesheni ya pili, Yoyogi, akangoja, akisema, "Atakuja na treni ijayo." Mume alibaki pale pale Shinjuku, akisema, "Atarudi na treni ijayo." Treni zilipita moja baada ya nyingine, kila dakika chache. Baada ya muda wa kutosha kumchosha mtu, wote wawili walichoka kungoja kwa wakati mmoja: mke akarudi Shinjuku, na mume akaenda Yoyogi. Walipishana njiani.

Mke alipomkosa mumewe aliacha kukimbizana. Alijiuliza ni mahali gani pamoja ambapo wote wawili walikuwa wamepataja kwa jina siku ile. Akaenda Shibuya. Alisimama kando ya ile sanamu, akitazama mamia kwa mamia ya watu wakivuka njia panda kila taa ilipowaka kijani. Jua lilipoanza kushuka aliingia katika nyumba ndogo ya polisi iliyo mbele ya stesheni, akatoa kikaratasi cha hoteli. Askari alipiga simu hotelini, akaacha ujumbe: mke yuko Shibuya, penye mbwa, wala hataondoka.

Sajini naye alikuwa amerudi Shinjuku, akatoka nje, akasimama mbele ya nyumba ndogo ya namna hiyo hiyo. Alipita mara ya kwanza. Akapita mara ya pili. Mtu aliyezoea kuulizwa njia huona taabu kuuliza. Mara ya tatu akaingia.

Askari kijana alimpokea kwa heshima, kisha akamwomba pasipoti. Jasho lilimtoka mzee katika baridi ile. Sheria ya Japani humtaka mgeni aichukue pasipoti yake popote aendapo, na asiyekuwa nayo aweza kutozwa faini isiyozidi yen 100,000. Sajini alipapasa mifuko: ya koti ilikuwa na maganda ya ndizi, ya shati ilikuwa na kikaratasi.

Hicho ndicho kilichomwokoa. Hoteli za Japani hupaswa kuandika habari za pasipoti ya mgeni anapopangisha chumba. Askari alipiga simu, mzee akathibitishwa kuwa ndiye, na papo hapo ujumbe wa mkewe ukatolewa. Kiingereza cha kijana yule kilikuwa kidogo, naye mgeni hakuwa na neno la Kijapani. Askari alichukua kalamu, akachora treni, akaandika namba 3 kuonyesha stesheni ya tatu, kisha akachora mbwa.

Taa za mji zilikuwa zimekwisha kuwaka mume alipofika penye sanamu.

"Umechelewa, baba," mke akasema.

"Nilikuwa nauliza njia."

Nyumba ile ndogo Wajapani huiita koban, na chanzo chake ni mwaka 1874, polisi ya Tokyo ilipoanzishwa. Ziko zipatazo 6,000 nchini kote. Kuelekeza njia ni sehemu ya kazi yake ya kila siku, kwani barabara nyingi za Japani hazina majina, na namba za nyumba hufuata vipande vya mtaa badala ya kufuata njia. Hata mwenyeji huhitaji ramani. Humo pia hupelekwa vitu vilivyookotwa. Mwaka 2019 polisi ya Tokyo ilipokea vitu zaidi ya 4,000,000. Vijijini kuna aina nyingine, chuzaisho, ambako askari huishi papo hapo pamoja na familia yake. Naye akiwa doria, mkewe hupokea wenye shida, na hulipwa posho kwa ajili hiyo. Singapore iliuchukua mpango wa koban mwaka 1983. Askari wa namna hiyo huujua mtaa wake, na mtaa humjua. Ndiyo maana mzee asiye na pasipoti wala lugha hakulala ndani usiku ule.

Kwa familia zinazosafiri, iwe ni Tokyo au mji wowote wenye watu wengi, yafaa mambo manne yafanywe kabla ya kufunga mlango wa chumba. Kila mtu achukue pasipoti yake mwenyewe na fedha kidogo. Kila mtu awe na anwani ya malazi kwa maandishi ya wenyeji. Mahali pa kukutana patajwe wazi. Na ikubaliwe ni nani atakayekaa na ni nani atakayetafuta, kwa maana wawili wakitafutana kwa pamoja, huweza kupishana hata usiku wa manane. Askari hufundishwa hayo tangu kambi ya kwanza. Ajabu ni kwamba huyasahau anapotembea na mkewe.

Jioni ile hapakuwa na ugomvi hotelini. Mume alishuka mapokezi mwenyewe akaazima kifaa cha plagi. Asubuhi, katika stesheni ya Ueno, pasipoti ikiwa katika mfuko wake wa ndani, sajini alimwendea mtumishi wa reli na kumwonyesha tikiti ya Sendai, aelekezwe jukwaa, kabla mkewe hajafungua kinywa.