Mradi ukiisha, waunda programu wafanye nini?

Mwezi uliopita nilitembelewa na kijana niliyemfundisha hisabati katika shule ya upili, miaka kadhaa kabla sijastaafu. Siku hizi kazi yake ni kuunda programu za kompyuta. Nilidhani amekuja kunijulia hali tu, kumbe alikuwa na lake moyoni.

"Mwalimu," akaniambia, "kwa wiki saba nimelipwa kwa kukaa bure. Wiki ya nane nikapewa barua."

Kampuni iliyomwajiri jijini Nairobi huunda programu kwa niaba ya wateja. Mradi mmoja uliowakesha kwa miezi mitano ulikamilika, nao wa pili ulikuwa haujapatikana. Hakuna aliyewaeleza lolote. Walitakiwa kufika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, na kila Ijumaa kujaza fomu inayoonyesha walivyotumia kila saa ya juma hilo. Basi vijana wakageuka waigizaji. Mkubwa alipopita, vioo vya kompyuta vilijaa maandishi na vidole vikagongagonga kwa kasi ya ajabu. Hatimaye wote wanne wakaachishwa kazi.

Huenda msomaji akauliza: mtu aliyelipwa bila kutoa jasho analalamikia nini? Nakiri kwamba hata mimi wazo hilo lilinijia. Hata hivyo, kadiri alivyozidi kunisimulia ndivyo nilivyotambua kwamba wiki saba zile zilikuwa za hasara kwa kila mtu, na kwamba hasara hiyo haikuwa ya lazima.

Yafaa ieleweke kwamba kampuni za aina hii huuza saa za watu. Saa isiyokuwa na mteja ni sawa na ndizi iliyoozea sokoni. Wahindi, ambao wameikuza biashara hii kuliko wengi duniani, huwaita wafanyakazi wanaosubiri mradi watu wa benchi, kama wachezaji wa akiba uwanjani. Mnamo Juni 2025, kampuni kubwa ya Tata Consultancy Services ilitoa amri kwamba kila mfanyakazi awe na angalau siku 225 za kazi iliyolipiwa na wateja kwa mwaka, na kwamba siku zake za benchi zisizidi 35. Ukijumlisha unapata 260, yaani majuma 52 ya siku tano tano. Kila siku imehesabiwa! Mwezi uliofuata kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingepunguza takriban asilimia mbili ya wafanyakazi wake, watu zaidi ya 12,000, wengi wao wa vyeo vya kati na vya juu.

Simlaumu anayehesabu. Mishahara hailipwi kwa maneno matamu. Lakini hesabu hiyo imeacha jambo moja nje. Mteja anapokuja Ijumaa akitaka watu sita Jumatatu, ni nani atakayempokea ila yule aliye na watu tayari? Benchi basi ni sehemu ya bidhaa inayouzwa, na bei yake ingefaa kuwemo katika kila mkataba tangu mwanzo. Kampuni nyingi changa hazifanyi hivyo. Hushusha bei ili zipate mradi, kisha mradi ukiisha, pengo lote humwangukia kijana.

Walimu wenzangu hawahitaji kufafanuliwa haya sana. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC hupokea mshahara wa Agosti ingawa madarasa yamefungwa, wala hakuna mwenye akili timamu anayedai kwamba fedha hizo zimetupwa. Kazi ya muhula ujao hutayarishwa wakati huo, na akili iliyochoka hupumzishwa wakati huo. Waulizeni walimu wanaoajiriwa na bodi za shule, ambao mara nyingi mshahara wao hukoma kengele ya mwisho inapolia, watawaambia tofauti. Anayelala akiwaza kodi ya nyumba hatayarishi masomo. Anatafuta kazi nyingine.

Hapa Afrika tumeshaonja uchungu wa benchi lililofurika. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka wa 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata. Iliteua vijana werevu, ikawafunza huku ikiwalipa, kisha ikawakodisha kwa kampuni za ng'ambo. Ilisifiwa kila pembe. Mnamo Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi waunda programu chipukizi wapatao 400 katika nchi za Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba soko lilitaka wajuzi wa muda mrefu, ilhali chipukizi walikuwa wamezidi nafasi zilizokuwepo. Sababu hiyo siikatai. Lakini chipukizi hugeuka mjuzi kwa njia gani, ikiwa kila anapokosa mteja huonekana mzigo? Kipindi kilicho kati ya miradi ndicho kingemkuza, lau kingepangwa.

Na kazi ipo, tena tele! Kijana wangu alinieleza kwamba programu iliyokamilishwa kwa haraka huwa na viraka kila mahali: sehemu zisizojaribiwa, maelezo yasiyoandikwa, mambo ambayo wote waliahidi kuyarekebisha "baadaye". Hiyo baadaye ilikuwa ni zile wiki saba. Walioijenga programu walikuwa wameketi pamoja, kumbukumbu zao zikiwa bado moto, na hakuna aliyewaambia waandike jinsi inavyofanya kazi. Sasa wametawanyika. Mteja akipiga simu kesho kwamba mitambo imegoma, atakayepokea simu hiyo atakuwa kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu gizani.

Ukitaka kujua viraka visivyoangaliwa hugharimu nini, tazama OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Kosa dogo liliingizwa humo mkesha wa Mwaka Mpya wa 2012, nalo likagunduliwa Aprili 2014, likapewa jina la Heartbleed. Wakati huo wote wezi wangeweza kuchota siri bila kuacha alama. Walioitunza programu hiyo walikuwa na mwajiriwa mmoja tu wa kudumu, na michango yao ilikuwa kiasi cha dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni tajiri zilizoitegemea zilikuwa na maelfu ya waunda programu. Saa chache za watu hao, katika majuma yao ya kungojea mradi, zingekuwa msaada mkubwa kwa mwajiriwa yule mmoja.

Wapo watakaonitajia Google, ambayo waanzilishi wake waliandika mwaka wa 2004 kwamba waliwahimiza wafanyakazi kutumia asilimia 20 ya wakati wao kwa mawazo yao wenyewe. Google News ilianzia hapo. Mfano huo ni mzuri, ila hautufai sana. Kampuni hiyo hula matangazo ya biashara, haiuzi saa za watu, hivyo ina pumzi ambayo kampuni ya watu kumi pale Ngong Road haina.

Ninachokidai ni kidogo zaidi ya hapo. Mkuu wa kampuni na awe na orodha ya kazi zilizoahirishwa, iliyoandikwa kabla mradi haujaisha. Siku chache za mwanzo ziwe za mapumziko halisi, kwani mtu aliyekesha miezi mitano hawezi kujifunza jambo jipya Jumatatu inayofuata. Mkongwe akae na chipukizi mmoja, afunze. Zaidi ya yote, watu waambiwe ukweli: fedha zilizopo zitatosha majuma mangapi. Kijana anayejua kwamba ana majuma sita atayatumia. Asiyejua huigiza.

Ikiwa hata hivyo fedha zitakwisha, sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yataka mfanyakazi anayeondolewa kwa kukosekana kwa kazi apewe notisi, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumikia. Kijana wangu hakupata senti, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita, na kila mara huhesabiwa upya. Wanafunzi mnaojifunza kompyuta, someni mikataba kama mnavyosoma maswali ya mtihani.

Juma lililopita alinipigia simu. Alikuwa ameitwa mahojiano katika kampuni nyingine, na mwishoni wakamuuliza kama ana swali. Nilikuwa nimemshauri aulize moja tu: "Mradi huu ukimalizika, Jumatatu itakayofuata nitakuwa nikifanya nini?" Anasema wale waliomhoji, watatu kwa jumla, walitazamana kwa muda. Kisha mmoja wao, mama mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akachukua kalamu akaliandika.