Fulana na kofia zimeuza nini?

Msimu wa korosho unapofunguliwa kule Mtwara na Lindi, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, magari ya matangazo huanza kupishana kwenye barabara ya kusini. Wauza pikipiki, wauza simu, wauza mabati na makampuni ya vinywaji wote wanajua kwamba fedha za mnada zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, mnunuzi amepatikana. Muziki hupigwa, fulana na kofia hugawiwa, msanii hupandishwa jukwaani. Ikifika Januari meneja wa mauzo anapeleka ripoti kwa wakubwa wake: mauzo ya kanda ya kusini yamepanda, kampeni imefanikiwa, bajeti ya mwaka ujao iongezwe.

Safu hii haina ugomvi na meneja huyo. Ila kuna swali moja ambalo ripoti yake haikulijibu. Kama gari lile lisingetoka Dar es Salaam kabisa, mauzo yangekuwa kiasi gani? Mkulima aliyelipwa korosho zake atanunua mabati hata kama hakusikia muziki wowote, kwa sababu nyumba yake inavuja. Kampeni imekwenda mahali penye fedha, wakati wa fedha, kisha ikajipa sifa ya fedha hizo.

Kosa hili halipo kusini peke yake. Muuza tende na sukari hutangaza Ramadhani inapokaribia, na mwisho wa mfungo anashukuru redio. Muuza madaftari hutoa punguzo mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, wakati ambapo angeuza hata bila kupunguza senti. Kila mmoja analinganisha mwezi wa matangazo na mwezi uliotangulia, na kwa kuwa mwezi wa matangazo umechaguliwa kwa sababu biashara huwa nzuri, hesabu haiwezi kukosa kupendeza. Na huwa kinyume chake pia: bei ya zao ikianguka, tangazo zuri linaonekana halifai. Wapo maofisa mauzo waliopandishwa vyeo na bei nzuri ya korosho, na wapo walioachishwa kazi na mvua iliyochelewa.

Dawa yake si ngumu na haihitaji mtaalamu kutoka nje. Kampuni inayouza katika wilaya nane ziorodheshe wilaya hizo mbili mbili, kila wilaya na mwenzake wanaofanana kwa mauzo ya miaka iliyopita. Newala iwekwe na Tandahimba, kwa mfano, kwa kuwa zote mbili zinategemea korosho. Kisha irushwe sarafu: wilaya moja katika kila jozi ipate gari la matangazo, nyingine isipate. Bei ziwe zile zile, mzigo ufike kwa wakati kote, mawakala walipwe sawa. Mwisho wa msimu wilaya zilizopata gari zitakuwa zimepanda, na zilizokosa nazo zitakuwa zimepanda, maana korosho imelipwa kote. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo kazi ya gari. Toa faida ya tofauti hiyo, ondoa gharama za gari, msanii, mafuta na fulana. Kinachobaki, kama kipo, ndicho cha kupeleka kwa wakubwa.

Sarafu ni ya lazima. Meneja akiachiwa achague mwenyewe, atapeleka gari kule ambako wakala wake ni hodari, na tutakuwa tumerudi pale pale.

Wasomaji wengi watasema haya ni mambo ya vitabuni. Basi tutazame kampuni ya eBay ya Marekani, ambayo haiwezi kudhaniwa kuwa haina wataalamu. Kampuni hiyo ilikuwa inalipa mamilioni ya dola ili mtu anayetafuta bidhaa kwenye intaneti akutane na tangazo lake juu kabisa. Takwimu za ndani zilionyesha kwamba waliobonyeza matangazo hayo walinunua sana, kwa hiyo kila mtu aliridhika. Mwaka 2012 wachumi waliokuwa wakifanya kazi ndani ya kampuni, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, wakaomba jambo la ajabu: matangazo yazimwe katika baadhi ya maeneo ya Marekani na kuachwa katika mengine. Kwanza walizima yale yaliyojitokeza mtu alipoandika jina la eBay lenyewe, na ikaonekana kwamba asilimia 99.5 ya watu waliokuwa wakipitia kwenye tangazo waliendelea kuja kwa njia ya kawaida, bure. Hata matangazo ya bidhaa, yalipozimwa, hayakutikisa mauzo kwa kiasi cha kulipia gharama zake. Waliokuwa wakibonyeza zaidi walikuwa wateja wa siku zote, ambao wangekuja tu. Matangazo yalisaidia kwa watu wapya na wale wanaonunua kwa nadra, lakini hao walikuwa sehemu ndogo ya fedha iliyotumika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Econometrica.

Kampuni ililipa miaka mingi kumwonyesha mlango mtu aliyekuwa tayari ameshika kitasa. Najiuliza ni mabango mangapi ya hapa mjini yanafanya kazi hiyo hiyo, yakiwa yamesimama mita mia moja kutoka duka lenyewe.

Kwa mwenye duka moja la rejareja, habari za wilaya nane hazimhusu. Kwake nina mfano wa karibu zaidi, na naomba ausome taratibu, maana ndio ulionifanya niandike makala haya. Wachumi Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walifuatilia wafanyabiashara wadogo magharibi ya Kenya, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2014. Waliangalia jambo ambalo kila muuza duka analijua na hakuna anayelihesabu: chenji. Mteja anakuja na noti kubwa kununua kitu kidogo, muuzaji hana cha kurudisha, mteja anakwenda zake au muuzaji anafunga duka dakika kumi kuzunguka kwa jirani. Walipokadiria, hasara ya mauzo yaliyopotea kwa njia hiyo ilikuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yote.

Kisha wakafanya jaribio. Baadhi ya wafanyabiashara, waliochaguliwa kwa kura, walitembelewa kila wiki na kuulizwa tu: wiki hii umekosa mauzo mara ngapi kwa sababu ya chenji? Wengine walipewa hesabu ya jumla ya kile wanachopoteza. Hawakupewa mkopo wala mafunzo ya biashara. Mauzo yaliyopotea yakapungua kwa karibu asilimia 30, na faida ikapanda kwa karibu asilimia 12. Asubuhi walianza kuja na sarafu za kutosha, basi.

Ni tangazo gani la redio litakalompa muuza duka wa Manzese asilimia 12 ya faida? Wenye maduka wetu wanaposema mtaji ni mdogo na wateja hawaji, mara nyingi mteja alikuja, akasimama, akaondoka, na hakuna daftari lililoandika kwamba aliondoka. Madaftari yetu huandika kilichouzwa na kilichokopwa. Ukurasa wa tatu, wa kilichoulizwa kikakosekana, haupo. Mwenye duka afunge ukurasa huo kwa majuma manne tu: sabuni fulani imeulizwa mara ngapi, unga wa kilo mbili mara ngapi, chenji imekosekana mara ngapi. Kalamu na daftari ni bei ya soda.

Bei nayo ijaribiwe, isikisiwe. Mwaka 2007 Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliweka bei tofauti za vyandarua katika kliniki 16 za wajawazito magharibi ya Kenya, kuanzia bure hadi shilingi 40 za huko, kliniki zikichaguliwa kwa kura. Wengi waliamini kwamba bei ndogo kama hiyo haimzuii mtu, na tena inamfanya akithamini chandarua. Ilipofika shilingi 40, waliochukua walikuwa wamepungua kwa pointi 60 katika mia, na waliopata bure walikitumia sawasawa na waliolipa. Huo ulikuwa mradi wa afya, lakini mfanyabiashara anayejisemea “mia mbili si kitu kwa mteja” ajue kwamba hajui mpaka ajaribu. Anaweza pia kugundua kinyume chake, kwamba punguzo analolitoa kila Ijumaa halimleti mtu yeyote mpya.

Kuhusu takwimu kufundisha kitu ambacho mwenye biashara hakukitafuta, Afrika Mashariki ina mfano ambao dunia nzima inautaja. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza kujaribu M-Pesa huko Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500 na mawakala wachache. Shabaha ilikuwa watu wa Faulu Kenya warejeshe mikopo yao kwa simu. Waliporudi kutazama kumbukumbu za matumizi, watu walikuwa wanafanya mengine: wanatumiana fedha wao kwa wao, wanalipiana, wanaweka fedha asubuhi kabla ya safari na kuzitoa wakifika ili wasiibiwe njiani. Waendeshaji hawakung'ang'ania mpango wao wa mikopo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo lilikuwa na wazo moja, kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom ilipoileta Tanzania, ukuaji wa mwanzo ulikuwa wa polepole kuliko wa Kenya, na ilibidi njia ya kuwasimamia mawakala ibadilishwe. Kilichofanya kazi Nairobi hakikuwa kibali cha kufanya kazi Tabora bila kupimwa tena.

Sasa pingamizi, maana lipo la haki. Duka dogo lina wateja wachache, na idadi ndogo hudanganya. Ukiuza katoni 10 wiki hii na 13 wiki ijayo baada ya kubandika bango, usishangilie. Biashara ya katoni 10 kwa wiki hupanda na kushuka kwa katoni tatu yenyewe, bila bango. Tatizo hili ndilo lililomshughulisha William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin, aliyechapisha mwaka 1908 njia ya kupima matokeo ya majaribio madogo, akitumia jina la “Student” badala ya lake. Mwenye duka hahitaji kanuni ya Gosset. Anahitaji subira: abandike bango wiki moja, aliondoe wiki nyingine, kwa kura, kwa miezi mitatu, ndipo alinganishe. Kama baada ya muda huo tofauti bado haionekani kwa macho, tofauti hiyo haitamlipia bango.

Kikwazo kikubwa zaidi kinakaa kwenye makampuni makubwa, nacho ni woga. Meneja akiacha wilaya nne bila gari la matangazo, ataulizwa kwa nini amelala. Akipeleka kote na fedha ikapotea, hakuna atakayejua, kwa hiyo hakuna atakayemuuliza. Hapa lawama ni ya mwenye kampuni anayelipa posho kwa mauzo yaliyopanda tu, hata yakiwa yamepandishwa na mnada.

Kumbukumbu zenyewe siku hizi si haba. Mashine za EFD ziko madukani tangu mwaka 2010, na malipo ya simu yanaacha alama ya saa na kiasi. Wengi wetu tunaziona kama mali ya TRA, wakati zinaweza kutuambia kwamba saa tatu usiku ndiyo saa yetu ya pili kwa mauzo na sisi tunafunga saa mbili na nusu. Tahadhari moja tu: namba za simu za wateja si za kumwagiwa ujumbe ovyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahitaji mteja ajue taarifa zake zinatumikaje.

Kwa wale wanaopanga bajeti ya kusini, orodha ya jozi za wilaya iandaliwe kabla ya mnada wa kwanza. Gari likishaondoka Dar es Salaam, sarafu haina kazi tena.