Tumezaliwa Pwani, Bahari Tunasimuliwa na Wageni

Mwaka jana nikiwa fildi kaskazini mwa Unguja, mgeni mmoja alipanda mashuani kutoka majini, akavua miwani ya kuzamia na kuniuliza: yule samaki wa rangi ya buluu na kijani, mwenye mdomo kama wa kasuku, anayeguguna mawe, nyinyi mnamwitaje? Nilikuwa nimevaa fulana yenye jina la kitivo chetu kifuani. Nilikuwa nimeshajitambulisha, tena kwa mbwembwe, kwamba nasoma sayansi ya bahari na niko mwaka wa tatu. Nikatabasamu tu. Kisha nikageuka kumtazama nahodha, ambaye ni mjomba wangu, ndugu wa mama. Mjomba hakuacha hata usukani. "Huyo pono," akasema.

Jamani! Pono nimemla tangu sijaota meno. Namjua wa kukaanga, namjua wa mchuzi wa nazi, namjua akiwa ametungwa kwenye ukindu anauzwa mnadani. Lakini pono wa mnadani ameshafifia rangi. Yule aliye hai, anayeng'aa kama khanga mpya, nilikuwa sijawahi kumwona. Mgeni aliyefika Zanzibar juzi alikuwa amemwona kabla yangu.

Aibu ya siku ile ndiyo imenifanya niandike. Hoja yangu ni fupi: chuo kinachofundisha bahari bila kumtia mwanafunzi majini kinamdanganya, na sisi wanafunzi tunaokubali tunajidanganya wenyewe. Msije mkadhani nawasema watu wa kitivo changu peke yao. Wa sheria, wa uchumi, wa utalii, wote nawasema.

Mimi ni mtoto wa Matemwe. Ukisimama ufukweni kwetu, kisiwa cha Mnemba unakiona pale mbele, kilomita chache tu, kama sahani ya kijani iliyowekwa juu ya maji. Kisiwani kwenyewe hushuki ila uwe mgeni wa hoteli iliyopo. Miamba inayokizunguka ndiyo inayoleta mashua za watalii kila asubuhi, na tangu 2002 eneo hilo ni hifadhi ya bahari. Baba alivua huko. Mjomba anapeleka wageni huko. Mama analima mwani kwenye maji ya kupwa. Hakuna mtu nyumbani kwetu asiyekula kutokana na bahari, na kabla ya fildi ile mimi nilikuwa sijatia uso wangu ndani yake nikafumbua macho.

Siku niliyotia ilikuwa kwa bahati. Mteja mmoja aliahirisha, vifaa vikabaki. Mwalimu wa kuzamia, kijana wa Nungwi, akanitupia miwani na bomba la kupumulia, akaniambia, "Dada, wewe unasomea nini hasa? Ingia bwana." Nikaingia na suruali yangu, blauzi ya mikono mirefu na mtandio niliofunga nyuma, huku nimeng'ang'ania boya kama mtoto na nyonyo.

Dakika mbili za kwanza nilimeza maji ya chumvi tu. Ya tatu nikatulia, nikaangalia chini. Matumbawe niliyoyajua kwenye slaidi za darasani, picha za kuazima za bahari za watu wengine, yalikuwa pale: mengine kama pembe za swala, mengine kama ubongo, mengine mapana kama meza. Vipepeo wa baharini wanatembea wawiliwawili kama maharusi. Kundi la pono wanaguguna, na ukiweka sikio vizuri unasikia kwacha-kwacha ya meno yao juu ya mwamba. Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokariri kwa ajili ya mtihani: pono anaposaga mwamba, kinachotoka nyuma ni mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe unaopigwa picha za harusi ni kinyesi cha pono! Na kwa kula majani yanayoota juu ya mwamba, pono huyo huyo huyapa matumbawe nafasi ya kupumua na kukua. Ukimmaliza pono, unamaliza mengi.

Wiki iliyofuata yule kijana akanishusha na mtungi wa hewa, maji ya kina cha mita kama saba. Alinipa masharti machache. Usizuie pumzi hata sekunde moja, maana ukipanda huku umezuia, hewa iliyo kifuani inatanuka na inaweza kupasua mapafu. Masikio yakibana, ziba pua upulize taratibu. Panda polepole. Yote haya nilishayasoma, kwamba kila mita kumi za maji zinaongeza kanieneo kama ya angahewa moja nzima. Darasani ilikuwa fomula yenye alama tatu. Kule chini ilikuwa masikio yangu mwenyewe. Nawahakikishieni, hilo somo siwezi tena kupata sapu.

Kule chini niliona pia kisichopendeza. Palikuwa na kipande kikubwa cha mwamba kimegeuka cheupe pe, kama mifupa. Kwenye matumbawe huishi viumbe vidogo vinavyoyalisha na kuyapa rangi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, hata kwa nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha kiangazi, matumbawe huvitoa viumbe hivyo, yakabaki meupe, na hali ikiendelea yanakufa kwa njaa. Bahari yetu ya Hindi ya Magharibi ilipigwa vibaya mwaka 1998, ikapigwa tena 2016, na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia nzima iko kwenye upaukaji mwingine. Pembeni ya pale peupe kulikuwa na matumbawe yaliyovunjika mapya, na kamba ya nanga imelala juu yake. Nilimweleza mjomba nilichokiona. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, miaka yote hii natupa nanga, hakuna aliyewahi kuniambia kinachotokea huko chini."

Sentensi hiyo ya mjomba ndiyo makala yangu yote. Tunawaambia wavuvi wasivue hapa, manahodha wasitupe nanga pale, kina mama wasichukue hiki. Tunawataka waamini juu ya kitu ambacho hawajaonyeshwa. Wanaotumwa kuwaambia ni sisi wahitimu, ambao nasi hatujakiona. Mvuvi mzee si mjinga. Anajua kusoma jicho la mtu anayezungumza cha kukariri.

Wapo waliofanya tofauti, na hawako mbali. Pale Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Zanzibar, mwamba umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na kwa miaka mingi watoto wa skuli za Unguja wamekuwa wakipelekwa, wanavishwa miwani na jaketi la kuelea, wanaonyeshwa. Mtoto wa darasa la sita aliyefika Chumbe ameona zaidi ya mwanafunzi wa shahada aliyeishia kwenye slaidi. Nungwi nako kuna mradi wa Panje uliofundisha wasichana kuogelea, wakiwa wamevaa mavazi ya stara kichwa hadi miguu, na waliofundishwa wakawa walimu wa wenzao.

Hili la wasichana nataka nilikalie kidogo, kwa sababu ndilo ninaloambiwa kwanza kila nikilizungumza hosteli. "Wewe, utaogelea na nguo gani? Watasemaje?" Nimezaliwa na mama mcha Mungu na sitaki kumvunjia heshima. Lakini sikilizeni habari ya mama. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi mno ni wanawake. Kuna mwani wa aina mbili, spinosum na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa maji ya pwani yanapopata joto. Inaweza kustawi zaidi ukiipeleka kwenye maji ya kina, yenye ubaridi. Nani ataipeleka? Mama hajui kuogelea. Amesimama baharini zaidi ya miaka ishirini, maji yakifika kiunoni anarudi. Kutojua kuogelea kwake kuna bei, na bei hiyo tunailipa sisi kila anapopima gunia la spinosum. Nilipomwambia nimezamia, nilitegemea anigombeze. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Huko kwenye kina, kuna mawimbi chini?" Nikamwambia hakuna, kumetulia. Akasema, "Basi mbona tunaogopa?"

Na kuna ambalo sitalichezea kwa maneno mengi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, watu zaidi ya mia mbili wakapotea. Julai 2012 ikazama Skagit. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Usiku, mkondo na meli iliyojaa kupita kiasi ni mambo mengine. Nasema tu kwamba watu wa visiwani tusiojua kuelea hata dakika kumi tunatembea na hatari tuliyoizoea hadi tukaiona ni kawaida.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza, pesa. Kweli, cheti cha mwanzo cha kuzamia kwa mtungi ni dola mia kadhaa, hela inayoweza kulimeza bumu likabaki jina. Ndiyo maana kwenye vituo vingi vya kuzamia niliovipita, anayebeba mitungi ni kijana wa kijijini na anayefundisha ametoka ng'ambo. Yule kijana wa Nungwi alibeba mitungi miaka minne kabla hajapata wa kumlipia mafunzo. Lakini miwani na bomba si dola mia kadhaa. Seti thelathini zinazotunzwa vizuri zinaweza kuhudumia darasa zima, mwaka baada ya mwaka. Tunachangishana kwa ajili ya bonanza, fulana za uchaguzi na muziki wa usiku wa kuwakaribisha wapya. Tusijifanye mafukara inapokuja habari ya kujifunza.

La pili, mtasema si wote wanaosoma bahari. Sawa. Lakini mtu wa sheria ndiye atakayeandika mkataba wa hoteli ya ufukweni. Mtu wa uchumi ndiye atakayepiga hesabu ya thamani ya mwamba. Asiyewahi kuuona atauandikia sifuri.

La tatu ni la kweli zaidi: tukienda, tunakwenda kuharibu. Hapa nawasema wenzangu bila kuficha. Nimetuona Mbudya. Tunashuka na spika, tunasimama juu ya matumbawe kwa viatu, tunamtoa kiti cha pweza majini, tunamweka begani kwa ajili ya picha. Yule mnyama anapumua kwa maji, bana. Kila sekunde ya pozi lako yeye anakosa pumzi. Tumbawe ulilolikanyaga, kama ni lile la mviringo, hukua sentimita moja hivi kwa mwaka au pungufu. Umri wako wote ni kama urefu wa kiganja tu. Kwa hiyo sidai tupelekwe tu. Nadai tufundishwe kwanza: kuelea bila kushika, kutazama bila kuchukua, kufunga mashua kwenye boya badala ya kutupa nanga.

Basi nina maombi matatu. Kwa kitivo: mwanafunzi wa sayansi ya bahari asihitimu bila kujua kuogelea na bila kuwa na saa kadhaa za kutazama mwamba, zilizosainiwa kama zinavyosainiwa saa za maabara. Kwa serikali yetu ya wanafunzi: kwenye bajeti ijayo itengwe hela ya vifaa, na safari moja kila semesta kwenda Bongoyo au Mbudya, visiwa ambavyo ni hifadhi tangu 1975 na viko karibu kiasi kwamba unakwenda asubuhi na jioni umo kwenye foleni ya chakula. Na ziwepo saa za wasichana peke yao, na mwalimu mwanamke. Kwa mwanachuo mwenzangu: likizo ijayo, kama kwenu ni pwani, tafuta miwani ya kuazima, subiri maji mafu yaliyotulia, nenda na mtu anayejua, tia uso majini.

Mtaani neno kuzamia lina jina baya. Anayezamia ni yule aliyeingia harusini bila kadi, au aliyejificha kwenye meli bila tiketi. Ndivyo nilivyojiona siku ile pale Mnemba, mzamiaji kwenye sherehe ya watu. Mjomba ndiye aliyenirekebisha tulipokuwa tunarudi, jua linashuka nyuma ya minazi ya Matemwe. "Mgeni ndiye anayehitaji kadi," akasema. "Wewe ni wa nyumbani, ila umechelewa."

Mwezi uliopita mjomba alifunga boya pale alipozoea kutupa nanga. Alilitengeneza mwenyewe kwa dumu la mafuta na kamba. Jumamosi moja baadaye alivaa miwani yangu, akazama akiwa na miaka hamsini na tatu, kwenda kutazama kama mwamba wake umeanza kupona. Alipopanda hakusema kitu kwa muda mrefu. Akaniomba miwani tena.