Istilahi za Ugaidi: Neno Lisilopimwa Huhukumu Kabla ya Hakimu

Tangu mabomu yalipozilipua balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 na kuwaua watu zaidi ya 200, msamiati wa ugaidi umekita mizizi katika Kiswahili. Aghalabu msamiati huo hutungwa katika vyumba vya habari, ambako mfasiri hana wasaa wa kupima neno. Hata hivyo, neno lisilopimwa laweza kumtia hatiani asiye na kosa. Suala la istilahi hizi, basi, si la watunga kamusi pekee. Ni suala la haki.

Neno la kwanza ni gaidi. Hapo awali lilimaanisha mnyang'anyi, haramia aviziaye wasafiri njiani. Shabaha yake ilikuwa mali. Gaidi wa leo hatafuti mali. Watu 67 waliouawa katika jengo la Westgate mnamo Septemba 2013, na 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi, hawakuuawa ili waporwe. Mauaji yao yalikusudiwa kuitisha serikali na umma mzima. Ugaidi, kwa hivyo, una nguzo tatu: ukatili, hofu inayokusudiwa, na lengo la kisiasa, kidini au kiitikadi. Nguzo moja ikikosekana, Kiswahili kina maneno mengine: ujambazi, ghasia, mauaji.

Tofauti hii si ya nadharia tupu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 yenyewe inatenga maandamano na migomo isiyokusudia kudhuru. Licha ya hayo, mwaka 2025 baadhi ya vijana waliokamatwa kufuatia maandamano nchini Kenya walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Neno likivutwa kiasi hicho, hupungua uzito hata pale linapostahili, na waliouawa Garissa hudunishwa.

Istilahi ya pili ni mshukiwa. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinamchukulia kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Lakini si ajabu kusikia taarifa ikianza na "mshukiwa wa ugaidi" na kuishia na "gaidi huyo", ilhali hakuna hakimu aliyetamka lolote. Tena, jina la mtu mmoja huenea hadi kwa jamaa zake. Katika vita vya kaskazini mwa Kenya vya miaka ya 1963 hadi 1967, wapiganaji waliitwa shifta, neno la Kiamhari lenye maana ya majambazi, na jina hilo likawaandama Wasomali wasiowahi kushika bunduki. Mnamo Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mtaani Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wahenga walisema kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo ina mahali pake sokoni, mahakamani haina.

Fauka ya hayo, yapo maneno ya imani. Itikadi ni imani, na mwenye itikadi kali aweza kuwa mcha Mungu asiyemdhuru hata sisimizi. Anayestahili kuogopwa ni yule anayehalalisha umwagaji damu kwa itikadi yake, na ni heri istilahi iutaje umwagaji damu huo waziwazi. Jihadi nayo ina shina moja na juhudi na jitihada, maneno ambayo kila mwalimu huyahimiza darasani. Kuitumia kama kisawe cha ulipuaji ni kuwapa wauaji heshima wanayoitamani, na kuwavunjia Waislamu heshima yao. Mwanamgambo pia lina utata: nchini Tanzania mgambo ni jeshi la akiba lililo halali, ilhali nchini Kenya neno hilo hutumiwa kuwataja wapiganaji wa Al-Shabaab.

Upande wa pili wa msamiati huu ni vita dhidi ya ugaidi, kauli iliyovuma kutoka Marekani mwaka 2001. Vitani adui huuawa. Katika uhalifu mshukiwa hufikishwa mahakamani. Kuzuia, kupeleleza, kushtaki na kupigana ni vitendo vinne tofauti, na kila kimoja kina mipaka yake kisheria. Vyote vikiitwa vita, atakayetoweka mikononi mwa maafisa hataulizwa na yeyote ila mamake.

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya. Wanafunzi na wahadhiri wake hawana budi kuyafafanua maneno haya katika tasnifu, kamusi na mitaala ya uanahabari, mapema, kabla shambulio jingine halijatokea. Siku ya msiba hakuna apimaye neno.