Anayetufupishia Hutuamulia

Upo ugonjwa ulioingia madarasani mwetu kimyakimya, na kwa kuwa haumlazi mtu kitandani, wengi wetu hatuuiti ugonjwa. Nao ni mazoea ya kusoma vifupisho vya vitabu badala ya vitabu vyenyewe. Ukurasa mmoja huitwa riwaya. Mistari minne huitwa tamthilia. Sentensi mbili huitwa historia ya dola nzima. Kijana huzikariri, huzimwaga katika karatasi ya mtihani, hufaulu, kisha huondoka shuleni akiamini kwamba amesoma.

Hatuupingi ufupisho wenyewe. Ufupisho ni zoezi la heshima katika somo la Kiswahili, kwani anayefupisha alichokisoma hana budi kupima lipi ni shina na lipi ni tawi. Lakini anayepokea ufupisho wa mwingine hukuta kazi hiyo imekwisha kufanywa. Amepimiwa, amechaguliwa, ameamuliwa. Hilo ndilo tunalolipinga.

Tuchukue mfano wa Ufipa yenyewe. Mwanafunzi wa Kaengesa akitaka kujua asili ya utawala wa uwanda anaoishi, kifupisho kitamwambia kwamba ukoo wa Watwa, uliotoka ugenini, uliutwaa utawala kutoka kwa watu wa Milansi. Basi, yamekwisha. Je, hayo ni uongo? La hasha. Lakini tazama yaliyoachwa nje.

Masimulizi ya wazee, ambayo mtaalamu Roy Willis aliyakusanya Ufipa katika miaka ya 1960 na kuyachambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, hayasemi habari za jeshi. Yanasema kwamba wanawake watatu wageni walifika Milansi wakati mfalme yuko mawindoni. Nyumbani alikuwapo mke wake. Wageni wakataka kukalia kigoda cha mfalme, na mke yule akawaachia. Mfalme aliporudi alikuta mambo yamegeuka. Hata hivyo hakufukuzwa. Milansi ilibaki kwake pamoja na heshima ya mila, na Watwa wakatawala nchi iliyobaki.

Hapo ndipo penye somo. Je, mke yule alikosa, au alitimiza wajibu wa kumpokea mgeni? Nani mkubwa: mwenye nchi au mwenye mila? Inakuwaje watu wawili wagawane mamlaka bila mmoja kumfuta mwenziwe? Maswali hayo yangeweza kulitia darasa moto kwa wiki nzima. Neno moja la kifupisho, "uliutwaa", limeyazima yote. Tena limetia picha ya mkuki mahali ambapo wazee waliweka kigoda. Kijana anayelishwa maneno ya namna hiyo mwaka hata mwaka mwishowe huamini kwamba historia ya Mwafrika ni kuvamia na kuvamiwa tu. Kasumba haiji na tangazo. Huja na sentensi fupi iliyo rahisi kukariri.

Fasihi nayo haikusalimika. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kifupisho kitaandika kwamba watu waliamini maji yangewakinga na risasi, wakashindwa, na kwamba funzo ni ubaya wa ushirikina. Kumbe uzito wa kazi hiyo uko mwishoni, pale Kinjeketile aliyefungwa anapotakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Kwa nini akatae, hali alikuwa na shaka tangu mapema? Asiyeisoma tamthilia hawezi kujibu. Wala hajui kwamba kuna swali.

Vivyo hivyo Mwalimu Nyerere alipokitafsiri kitabu cha Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, na kukirekebisha mwaka 1969, hakujitaabisha ili tupate habari kwamba Antonio aliwachochea Warumi. Habari hiyo inatosha mstari mmoja. Alitaka tuone, kwa Kiswahili chetu, jinsi msemaji anavyoweza kumsifu mtu tena na tena mpaka sifa igeuke kuwa tuhuma. Raia aliyeyasoma hayo kwa ukamilifu hatapumbazwa kirahisi jukwaani. Raia aliyesoma kifupisho atapiga makofi.

Tutaambiwa kwamba vitabu ni vichache. Ni kweli, na anayefundisha mbali na miji mikubwa analijua hilo kuliko sisi. Lakini tenzi zetu za kale zilienea kwa sauti kabla hazijaenea kwa chapa. Aliyekuwa na mswada mmoja alisoma, na baraza zima likasikiliza. Nakala moja na sauti ya mwalimu, dakika ishirini kila siku, vinatosha kukimaliza kitabu katika muhula. Tusiufanye uhaba kuwa kisingizio cha uvivu wetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wakulima wa Ufipa wametuachia mfano mzuri kuliko maneno yetu. Katika kilimo chao cha ntumba hufukia nyasi chini ya tuta la udongo mvua zinapoelekea kwisha, wakaziacha zioze polepole. Msimu unaofuata ndipo tuta hutawanywa na ulezi ukapandwa katika udongo ulioshiba. Hakuna mkulima anayetupa mbegu juu ya nyasi mbichi akatumaini mavuno. Maarifa nayo hutaka kufukiwa, kukaa na kuiva ndani ya mtu.

Basi tunawaomba walimu wasome vitabu vizima pamoja na wanafunzi wao, kisha wawadai ufupisho walioutunga wenyewe, na wawaulize kwa nini wameacha hili na kushika lile. Nanyi wanafunzi wa Kaengesa na kwingineko, nendeni kwa mabibi na mababu mngali nao, mkaandike masimulizi yao yote, pamoja na yale yanayoonekana hayana maana. Anayetufupishia hutuamulia. Wakati wa kuamuliwa na wengine sisi ni nani ulikwisha mwaka 1961. Tusiurudishe kwa mikono yetu wenyewe, kwa kuwa tu karatasi ya mtihani ina nafasi ndogo.